Sifa za Nywila, Kutoka Ras Kitau

Wengine na wasifu majahazi na halwa. Mimi niliyeko Ras Kitau, Shela ya Lamu ikinitazama ng'ambo ya mkondo, nasifu nywila ya mfumo wa chuo kikuu, inayotukanwa kila muhula na isijibu.

Kwanza, haijali nasaba. Visiwani kwetu milango mingi hufunguka kwa "mimi mwana wa fulani". Nywila haikujui wewe wala babu yako. Mtoto wa nahodha na mtoto wa waziri wakikosea herufi moja, hukataliwa kwa maandishi mekundu yaleyale. Usawa uliotimia namna hiyo sijauona kwingine Kenya.

Tena ina historia. Ilianzia MIT, Marekani, mapema miaka ya 1960, kwenye kompyuta ya Fernando Corbató iliyotumiwa na watu wengi. Mwaka 1962 Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi kwenye mashine hiyo, aliagiza faili la nywila zote lichapishwe. Likachapishwa! Mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani, alishauri tuipambe kwa tarakimu na alama, tena tuibadilishe kila siku 90. Dunia ikatii. Mwaka 2017 akakiri kujutia, na taasisi ikasema bora urefu. Kwa hiyo "Lamu1234!" haina nguvu yoyote, ina mshangao tu. Maneno manne yasiyojuana yanaishinda.

Vyuo kadhaa humpa mwanafunzi mpya namba ya kitambulisho iwe nywila ya kwanza. Namba ambayo wakala wa M-Pesa anayo, mlinzi wa getini anayo, na kijana wa saiba aliyemjazia fomu ya KUCCPS ya kuomba nafasi ya chuo anayo pia. Ibadilishwe siku hiyohiyo, na asiibadilishe yule kijana.

Nywila ina mdogo wake, msimbo wa tarakimu sita unaotumwa kwa simu. Huishi dakika chache, nao hupenda kuja wakati simu iko na kaka, mashuani, katikati ya mkondo. Akipiga mtu kuuomba, hata akijiita msajili, huyo ni mwizi.

Lakini utukufu wa nywila huonekana ukiisahau. Mifumo mingine hukuuliza: mama yako aliitwaje kabla hajaolewa? Aliyetunga swali hili hajafika Shela. Mama zetu huolewa wakabaki na majina yao, na jina hilo muuza mahamri analijua, mwalimu wa madrasa analijua, hata mwenye punda analijua. Hapa uongo ni halali kabisa: andika kwamba mama anaitwa Pweza wa Kukaanga, kisha jibu ulihifadhi kwenye programu ya kutunzia nywila. Nilipomweleza mama yangu jina lake jipya, hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini sikumwita Nguru.