Kibao cha Shingoni

Kwenye baadhi ya sekondari za Tanzania, bango la getini linaamuru: Kiingereza tu. Mtoto kasoma miaka 7 kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, usanisinuru alioujua hauna tena jina. Akiteleza akaomba chaki kwa Kiswahili, anavishwa kibao shingoni, akitembeze mpaka amnase mwenzake akiongea Kiswahili. Mazoezi ya sarufi hayo, jamani! Msamiati hauongezeki, ila upelelezi unashamiri. Na darasa limetulia tuli, maana wanafunzi wameshagundua kuwa asiyefungua mdomo hakosei nyakati za vitenzi. Mwalimu wa zamu naye, akipandwa na hasira, hugomba kwa Kiswahili fasaha, tena chenye methali. Yeye havishwi. Waheshimiwa wakuu wa shule, nunueni vitabu vya hadithi. Vibao warudishieni maseremala.