Moshi wa Tajiri

Tangu 2010 tunaambiwa sisi watu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ni matajiri. Gesi ipo baharini, tele, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ikaondoka na meli kwenda ng'ambo. Nafurahi kweli. Jioni nikichutama kupuliza jiko, machozi yakinitiririka kwa mkaa mbichi, najiliwaza: huu ni moshi wa tajiri.

Wavuvi nao walihamishwa kupisha kiwanda cha gesi, wakajengewa nyumba katika kijiji cha Quitunda. Nyumba nzuri, bati jipya, njia zimenyooka. Kasoro ndogo tu: bahari haikuhamishwa pamoja nao.

Machi 2021 tulipovamiwa na waasi tulikimbia na nguo za mwilini. Mwezi uliofuata wenye mradi wa kiwanda hicho wakatangaza dharura isiyozuilika, mikataba ikasimama. Neno tamu hilo! Nami nikalitangaza kwa muuza duka anayenidai unga. Akaniambia, "Kaka, hiyo ni ya wenye gesi. Wewe lete pesa."

Lakini tusiseme tumesahauliwa. Msimu wa kura wakubwa hufika na ngoma, kofia na fulana. Fulana ya Oktoba 2024 ninayo mpaka leo. Ndiyo ninayoipulia sufuria jikoni.