Sifa za Ufa

Mvua za mwisho zikishakatika, mwezi wa Mei, Sumbawanga nzima hugeuka mafundi. Maharage yameshapurwa, mahindi yanamalizia kukauka shambani, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi umeanza kuleta salamu za Julai. Hapo utamwona huyu yuko juu ya bati anagongelea misumari iliyolegea, yule anakandika jiko la nje kwa udongo uliochanganywa na majivu, na mwingine anapigilia sandarusi ya mbolea dirishani, palipokuwa na kioo mwaka juzi. Sokoni makoti ya mitumba yamehamia mbele, kandambili zimerudi nyuma. Mji uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa Dar es Salaam aliyeshuka stendi na shati la mikono mifupi anajulikana kabla hajauliza choo kiko wapi.

Wote hao wanaziba. Nikakaa nikafikiri: mji mzima ukimkalia mtu kikao, ni nani atakayesimama kumsemea? Ndiyo maana leo nausifu ufa.

Najua kinachowajia midomoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliimbishwa hivyo tukiwa bado tunafuta makamasi kwa mkono wa sweta. Sidhani kama kuna kitu kilichochafuliwa jina katika Kiswahili kama hiki. Mimi nimeishi na ufa mmoja miaka tisa. Ukuta upo. Nilichojenga katika miaka hiyo ni choo, na ufa haukuhusika. Kuna siku huwa naamini methali ile ilitungwa na muuza saruji.

Ufa wangu uko chumba cha nyuma, kati ya fremu ya mlango wa uani na ukuta. Urefu wake ni wa mlango wenyewe. Juu, karibu na linta, ni mwembamba kama uzi. Ukiteremka unapanuka taratibu, na ukifika kwenye bawaba ya chini unapitisha kidole gumba, changu, si cha mtoto. Ulizaliwa siku fundi alipotuletea fremu ya mbao mbichi akatuapia kwamba ni kavu. Mbao mbichi ina maji kama muwa. Kiangazi kikiingia maji yanatoka na mbao inasinyaa, tena kwa upana kuliko kwa urefu. Ukuta wa tofali za kuchoma, uliounganishwa kwa udongo, hauna habari ya kuifuata. Lipu ya saruji iliyopakwa juu ya hao wawili ikatakiwa ichague upande. Ikapasuka.

Mvua zikirudi Novemba mbao inakunywa, inavimba, na ufa unafumba jicho. Kwa hiyo usiuite uharibifu. Ni wa msimu, kama uyoga, ila majira yake ni kinyume. Kila Desemba mama watoto huniuliza kama nimeshauziba, nami humwonyesha kwa mkono: tazama.

Faida zake ni nyingi, na ya kwanza ni saa. Mlango unatazama mashariki. Jua likishapanda juu ya paa la jirani, ufa unaingiza mstari wa mwanga unaotua kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha unatambaa sakafuni, unapanda kandambili ya kushoto, unashuka, na ukigusa mguu wa kitanda basi watoto wawe wameshatoka kwenda shule. Vumbi linaelea humo ndani polepole, linapanda na kushuka kama watu wa gulioni wasio na haja ya kununua. Nimewahi kuchelewa kazini nikilitazama.

Ya pili ni habari. Jirani akikaanga migebuka iliyopanda kutoka Kasanga, mimi najua kabla ya watoto wake. Bei ya gunia la mahindi huwa naipata kitandani, maana wachuuzi hupita nyuma ya nyumba alfajiri wakibishana. Mama watoto husema nasikiliza mambo ya watu. Sisikilizi. Ufa unanisikilizia.

Ya tatu ni amani ya ndoa. Katika nyumba isiyopenya upepo kila mtu hulala na ncha yake ya blanketi na mawazo yake. Kwetu, ikifika saa nane ya usiku wa Juni, hakuna ugomvi unaoweza kudumu upande wa pili wa kitanda. Nitasema tu kwamba nina watoto watatu, na wawili wamezaliwa Machi.

Hata kwa ukoo ufa si mtoto wa mtaani. Pale Kalambo, ng'ambo kidogo ya mpaka, kwenye ukingo wa mto juu ya maporomoko, wanaakiolojia walichimbua magogo mawili yaliyolala kwa kupishana. La juu limechongwa pengo likakaa barabara juu ya la chini. Timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza mwaka 2023 kwamba umri wake ni miaka 476,000 hivi, yaani kazi ya mikono iliyoutangulia uzao wetu huu wa binadamu. Dunia ikashangilia ule muungano. Hakuna aliyesema neno kuhusu mwanya uliobaki kati ya gogo na gogo, wala kuhusu yule aliyepangiwa kulala karibu nao, ambaye bila shaka alikuwa akigombana na mtu.

Na kama kuna watu wasiopaswa kudharau tundu, ni sisi wa Ufipa. Wahunzi wa hapa walijenga ilungu, tanuri la udongo wa kichuguu lenye kimo cha mita 3 hivi. Kuzunguka kitako chake waliacha matundu. Likishajazwa mkaa na mawe ya chuma, likawashwa, hapakuhitajika mtu wa kuvukuta. Hewa ya moto ilipanda yenyewe ndani ya ule urefu, na kwa kupanda ikavuta hewa baridi iingie chini, usiku na mchana, mpaka jiwe likakubali kuwa chuma. Mivukuto ilingoja hatua ya pili, kwenye kitanuru kidogo, kintengwe, cha kusafishia. Profesa Bertram Mapunda amechimba na kuandika mengi kuhusu uhunzi huu, na mabaki ya malungu bado yamesimama vichakani sehemu za Ufipa. Majembe yaliyofukia nyasi kwenye ntumba, yale matuta ya babu zetu, yalitokana na upepo ulioachiwa njia. Nyumba yangu inafanya vilevile: joto letu linatokea juu, pale bati lisipokutana na ukuta, na baridi inaitwa ndani kwa chini, kwenye bawaba. Tofauti ni kwamba asubuhi hatupati chuma.

Maadui wa ufa hawakukosekana. Mwaka wa kwanza mama watoto alishindilia matambara. Upepo wa Julai ukayatoa moja moja na kuyapanga sakafuni. Mwaka wa pili alikandika udongo na majivu, dawa nzuri kabisa kwa ukuta, lakini mlango ukibamizwa na watoto watatu kwa siku mara arobaini, udongo hauwezi kuvumilia. Akajaribu soksi ndefu ya mpira iliyojazwa mchanga, ailaze chini ya mlango. Ile ilifanya kazi, kwa chini. Mwaka wa nne ndio alioutendea ufa ukatili wa kweli: alikata maboksi vipande vyembamba, akayapaka gundi ya uji wa ngano, akayasukumiza kwa kisu cha mezani kuanzia linta hadi sakafu, kisha akabandika kitenge juu. Kazi safi. Chumba kikanyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Wiki ileile mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kirando, kule ziwani, ambako baridi ni neno la kusikia redioni. Tulimpa chumba hicho. Usiku wa pili akasema, kwa upole wake, kwamba anashukuru kwa kila kitu, ila miguu haisikii. Nikaona aibu. Nikaingiza jiko la mkaa, makaa yamekolea vizuri, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Hapo ndipo penye mtego: watu huogopa moshi. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na damu huikumbatia zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni. Mtu hasikii kukabwa. Anasikia usingizi.

Alfajiri mama watoto aliamka kwa sauti ya mama yake akitapika. Tulimkuta ameketi chini, karibu na mlango, kichwa kinampasuka, magoti hayamshiki. Tukamtoa uani. Jua lilipotoka nilirudi na tochi, nikainua kile kitenge. Pale kwenye bawaba ya chini, panya alikuwa amekula gundi ya ngano pamoja na boksi lake, kipande cha urefu wa kiganja, na upepo ulikuwa unaingia hapo kwa nguvu zake zote za zamani. Mama mkwe alikuwa amelaza kichwa upande huo.

Sitamdanganya mtu: ufa wa kidole gumba si ulinzi wa chumba chenye jiko la mkaa, na panya si wa kuajiriwa. Tangu siku hiyo jiko letu linabaki uani mpaka makaa yawe majivu, na mgeni tunampa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa khanga. Lakini mimi nilimwambia mama watoto kwamba kitenge hakirudi, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili hakunijibu. Mama mkwe alipokuwa anaondoka aliusogelea mlango, akaupitisha mkono kwenye ufa kama mtu anayeaga. "Baba," akaniambia, "hiki kiache."

Baadaye nikasoma kwamba kuna watu wameumaliza ufa kabisa. Huko Darmstadt, Ujerumani, familia zilihamia mwaka 1991 katika nyumba za kwanza za mtindo wanaouita Passivhaus. Nyumba ya namna hiyo inafungwa feni kubwa mlangoni, hewa inasukumwa kwa kipimo, na kama kwa saa moja hewa yote ya ndani imebadilika zaidi ya mara 0.6, mafundi wanarudi kuutafuta ufa. Niliposoma hapo nikawaonea huruma mafundi wale, na nikamkumbuka wa kwangu. Kisha nikafika kurasa za mbele: wakishaziba kila kitu, wanafunga mashine ya kuingiza hewa safi, yenye mabomba na vichujio vya kubadilishwa, ili watu wasiugue humo ndani. Mashine hiyo inainyang'anya hewa chafu joto lake kabla haijatoka, na hilo ufa wangu hauwezi, nakiri. Lakini hauna kichujio, hautumii umeme, na TANESCO wakikata haujui.

Mwaka huu, Mei, mama watoto ameita fundi mwingine, kijana mwenye adabu na futi mpya. Alipima juu, akapima chini, akachomeka bisibisi akaizungusha. Vumbi la udongo likamwagika kama unga. Akaugonga ukuta kwa ngumi mara tatu, akatega sikio.

"Mzee," akasema, "hapa silikoni ni kupoteza hela. Fremu inabidi itoke. Na ikitoka, upande huu wote wa ukuta unakuja nayo. Tutabomoa, tujenge upya."

"Kwa hiyo tukitaka kuziba ufa," nikauliza, nikijitahidi uso wangu usiseme kitu, "tujenge ukuta?"

"Ndiyo, mzee."

Mama watoto alinitazama, akamtazama fundi, akaenda jikoni kuleta chai. Fundi alikaa kwenye kiti tulichompa, mgongo umeelekea mlango wa uani, akaanza kuandika orodha ya vifaa kwenye kipande cha boksi. Alifika mfuko wa saba wa saruji, akasita, akapandisha ukosi wa koti, kisha akakisogeza kiti pembeni kidogo.