Kasiksi ya Papa Bangi

Tangu Jumapili watoto wa mtaa wetu hapa Kadutu wananiita Papa Bangi. Wananiita kwa heshima kabisa, na hiyo ndiyo inayouma.

Tulikwenda kumposea mdogo wangu. Bidoni ya kasiksi niliyobeba niliianza kabla ya Noeli, nikaiziba, gesi ikawa inatokea kwenye kampira kalikozamishwa ndani ya chupa ya maji. Bukavu nzima inajua kasiksi haitunzwi. Ikipita siku chache inakuwa siki. Ila binamu yangu wa Bruxelles aliniletea hubloni, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu, akaniapia kwamba kwao kuna bia inayochachushwa na vijidudu vya hewani tu, inalala kwenye mapipa hata miaka 3, kisha inauzwa bei ya divai.

Hubloni ina vituko. Uchungu wake hautoki mpaka ichemshwe sana, na ikichemshwa sana harufu yote inapotea. Anayetaka harufu hutia maua makavu kwenye pombe baridi iliyokwisha kuchacha, akayaacha siku chache, akachuja. Tena pombe chachu ya zamani huchaguliwa maua ya harufu, kwani uchachu na uchungu havikai kinywa kimoja. Wale wapishi wa lambiki, ile bia ya vijidudu vya hewani ya karibu na Bruxelles, ndio wa ajabu zaidi: wanachemsha hubloni iliyozeeka mpaka imepoteza harufu, maana wanachotaka ni kinga tu, bakteria wa uchachu wasipitilize. Binamu alileta Saaz ya Ucheki, inayonukia majani, na Citra ya Marekani, inayonukia maembe na malimau. Kwa ndizi, nani angechagua majani? Nikatia Citra. Kuchuja nikachuja kwa kitambaa cha jikoni.

Baba mkubwa wa msichana alipokea kikombe cha kwanza. Hakunywa. Alinusa, akanusa tena, akazamisha kidole, akatoa kipande kimoja cha ua kinachonata, akakiinua watu wote wakione.

“Mwanangu, hii ni bangi?”

“Hapana, Papa. Ila ni za ukoo mmoja.”

Ni kweli tupu. Wataalamu wa mimea wanaziweka familia moja. Lakini siku ya posa ndiyo siku watu wamekuja kuchunguza koo.

Zikaagizwa kreti za bia ya chupa, ambayo nayo ina hubloni, na hakuna aliyenusa. Hubloni hiyo inatoka mbali, kwa sababu inataka mchana mrefu wa kiangazi, na kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Mama zetu wa Kabare wanaivisha ndizi shimoni, wanakamua kwa nyasi, wanatia unga wa mtama uliokaangwa, na chachu inakuja yenyewe. Ugonjwa wa mnyauko umewaulia migomba, bado wanakamua. Karamuni bidoni yao inafichwa nyuma ya jiko. Mbelgiji akiachia vijidudu vya hewani kazi hiyohiyo, anaitwa fundi, na watalii wanapanga foleni.

Bidoni ya pili, iliyobaki nyumbani, ilipasuka usiku. Jirani akalala chini ya kitanda mpaka asubuhi.

Saaz ilibaki. Shangazi, aliyelalamika kuliko wote kwamba nimeaibisha familia, aliichemsha kama chai, akalala mpaka misa ikampita, na sasa anauliza binamu anarudi lini.