Makumbusho, Mwisho wa Gari
Familia inayozuru Dar es Salaam kwa mara ya tatu hupelekwa tena kupanda ngazi za umeme, yaani ngazi zinazojisogeza zenyewe huku mpandaji akisimama kama mzigo, kisha hurejea bara ikisadiki kwamba jiji imelimaliza. Kituo cha Makumbusho inakijua barabara, kwani ndipo iliposhukia daladala. Kwamba karibu na kituo hicho kuna Kijiji cha Makumbusho, hifadhi ya nyumba za jadi iliyofunguliwa miaka ya 1960, hakuna kondakta aliyepata kulitangaza. Humo mgeni kutoka Bukoba angelipa kiingilio ili aoneshwe msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi hadi chini, na mwenyeji wake, mzaliwa wa Sinza jijini, amfafanulie kwa kirefu jinsi Wahaya walivyoishi.