Mwongozo wa Kugawana Korona Nyumbani Bila Kumnyima Mtu

Wengi hudhani kwamba mmoja akishaingiza virusi ndani, kazi imekwisha, vitajigawa vyenyewe. Si kweli. Uchambuzi wa tafiti 54 uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba katika kila watu 100 waliokaa nyumba moja na mgonjwa wa UVIKO-19, walioambukizwa walikuwa kama 17 tu. Waliobaki walikula naye, wakagombania naye rimoti, na wakatoka salama. Omikroni ilipokuja mwishoni mwa 2021 idadi ilipita 40, lakini hata hapo zaidi ya nusu walinusurika. Familia isiyojituma, basi, itaaibika. Mafunzo haya ni ya miaka ile. Yatunzwe kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa, gonjwa lijalo lisitukute hatujui pa kuanzia.

Siku mbili za kwanza hazina kazi. Aliyeambukizwa huweza kuanza kuambukiza wenzake kabla hata hajapiga chafya, kwa hiyo ishini kama kawaida. Ustadi unahitajika asubuhi kikohozi kinapoanza. Msiutaje ugonjwa. Semeni ni vumbi, ni feni ya usiku, ni mafua ya mvua hizi. Mkibanwa sana na mwenye kidomodomo, semeni changamoto ya upumuaji. Kila siku mnayobishania vumbi ni faida.

Sasa hewa, maana humo ndimo mambo yote yalimo. Mgonjwa akipumua, akiongea, na zaidi akipaza sauti, hutoa chembechembe ndogo zinazoelea chumbani kama moshi wa ubani. Adui yenu mkubwa ni dirisha. Bahati nzuri desturi imeshalishughulikia: magharibi ikiingia, yote yanafungwa mbu wasipite. Kama lina wavu, wavu usifutwe tangu mlipohamia, vumbi liwe limekwishafanya kazi ya plasta. Wenye kiyoyozi cha ukutani wana raha zaidi, kwa sababu kwa kawaida hakiingizi hewa ya nje. Huchukua ile ile ya chumbani, kikaipoza, kikawarudishia wenyewe. Siku ya Simba na Yanga waiteni majirani sebuleni, shusheni mapazia jua lisipige kioo cha runinga, na goli likiingia watu wapige kelele mpaka mishipa ya shingo iwasimame. Hakuna atakayekumbuka kwamba mjomba pale kwenye kochi jana alishinda na homa.

Nguvu za usafi zielekezwe zote kwenye vitu. Ndoo ya maji tiririka mlangoni, nyanya zisuguliwe kwa sabuni, noti ya elfu tano ianikwe kwenye kamba. Wakuu wa afya wa Marekani walipokadiria Aprili 2021, walisema uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla haufiki 1 katika 10,000; njia nyembamba kama hiyo ndiyo ya kulindwa usiku na mchana. Wala msijilaumu. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa, na kukiri waziwazi kulisubiri hadi mwaka uliofuata.

Barakoa moja ya kitenge inatosha. Itundikwe msumarini nyuma ya mlango. Anayekwenda benki aivae, akirudi airudishe, na wa pili aichukue ikiwa bado na joto la wa kwanza. Ndani haivaliwi. Wanandoa wana upendeleo wao: katika uchambuzi ule ule, wake na waume wa wagonjwa walioambukizwa walikuwa kama 38 katika kila 100, zaidi ya mara mbili ya ndugu wengine wa nyumbani. Chandarua kimoja, basi, na mazungumzo marefu.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni kujifukiza. Chukueni sufuria ile ya pilau, tieni mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, tangawizi iliyopondwa na maganda ya limao. Kifuniko kikianza kucheza, iteremsheni katikati ya mkeka. Mvuke wenyewe hauviui virusi, lakini una kazi nyingine. Mwenye busara angejifukiza peke yake. Nyinyi, kwa kuwa gesi ni ghali, ingieni wote: mgonjwa, mama, watoto wawili, na shemeji aliyekuja kuazima chaja. Blanketi liwe moja, zito, na pindo zake zikanyagwe kwa visigino mvuke usitoroke. Kisha amri itolewe: vuta ndani, toa nje. Mgonjwa ataanza kukohoa, na kila anapokohoa mtaambizana kwa furaha kwamba inatoka. Inatoka kweli.

Asubuhi yake jirani atapiga hodi.

“Shikamoo mama. Nimesikia baba haamki, nikasema nije nimjulie hali.”

“Marahaba mwanangu. Yuko chumbani, pita tu. Kaa hapo hapo kitandani.”

Asogee karibu, maana sauti ya mgonjwa imekauka na kwa mbali haisikiki. Akae saa nzima. Kuondoka mapema ni kumnyanyapaa mwenzio.

Bibi asisahaulike. Hapandi daladala, haendi benki, na sokoni ameacha kwenda tangu miguu ianze kumsumbua. Virusi vitamjulia wapi mzee wa watu, msipompelekea? Wajukuu wanaokohoa wakalale kwake.

Tatizo ni kwamba kila ukoo una mmoja wa kuharibu, na mara nyingi ni binti wa chuo. Atamhamishia mgonjwa chumba chenye upepo, amvalishe barakoa na yeye avae yake, amwachie sahani mlangoni, kisha aburute mkeka barazani aseme wageni wakae huko. Madirisha atayafungua yote, hata usiku, na mbu atawaachia chandarua. Mkumbusheni nani alimlipia ada. Asiposikia, mwiteni kikao cha familia, wajomba na mashangazi wote wawepo. Kifanyike sebuleni, mlango na madirisha yafungwe, majirani wasisikie.