Heko, Uvungu wa Kitanda

Wapo waliotungiwa nyimbo kwa kufanya machache kuliko uvungu wa kitanda. Humo gizani, kati ya buibui na kandambili isiyo na mwenzake, ndimo bidhaa za nchi hii zilimowahi kupata hifadhi.

Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka, duka la kaya halikupungukiwa kitu. Lilikuwa na kaunta, muuzaji, hata orodha ya majina kutoka kwa balozi wa nyumba kumi. Bidhaa tu ndizo hazikuwepo. Watu walipanga mawe kwenye foleni yawashikie nafasi, na mawe yalivumilia, kwa kuwa hayanywi chai. Uvunguni, kumbe, mlikuwa na sukari, khanga na miche ya sabuni. Sabuni ikikaa hukauka, ikadumu zaidi. Ila sukari iliyolala nayo hutoa chai yenye harufu ya dobi. Tuliofunzwa kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame tulidhani ni mawaidha. Kumbe wahenga walikuwa wakitangaza duka.

Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, uvungu haukumtaja mtu. Walioingiwa na hofu ni wenye vitanda. Usiku walitupa mali vichakani na mitoni, samaki wakaonja vilivyokuwa adimu kwa binadamu. Mwaka uliofuata, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, rafu zikajaa, uvungu ukarudishiwa kandambili yake bila hata barua ya shukrani.

Lakini kipaji chake hasa ni unabii. Huagua kwamba sukari itakwisha, kisha huimaliza wenyewe. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilizidi kwenye mashamba ya miwa, viwanda vikalegea. Upungufu ulikuwa wa kweli; uvungu ukaupa mbolea. Mnunuzi wa kilo moja akachukua tano, mwenye duka naye akaona heri asubiri bei ipande, na kilo ikavuka shilingi 4,000 sehemu nyingi. Serikali ikatoa bei elekezi, nayo ilielekeza kweli: sukari ilielekea uvunguni.

Tena uvungu hufunza adabu. Mtoto wa jirani akija na kikombe, “Shikamoo mama, mama anaomba sukari kidogo,” mwenye nyumba hujibu kwa huzuni ya msibani, “Marahaba mwanangu, hata sisi imekwisha.” Kisha hukoroga chai polepole kijiko kisigonge kikombe. Sisimizi peke yao hawadanganyiki. Hupita mlangoni kwa msafara, wakijua waendako.

Ndiyo maana vitanda vya kisasa, vilivyozibwa mbao hadi sakafuni, vinanitia wasiwasi. Mafundi wa Keko, tafadhali, acheni walau nafasi ya gunia la kilo 50 lililolazwa ubavu.